Mkemia Aliyeitia Baruti Adabu: Alfred Nobel na Milima ya Usambara

Mwaka 1862 Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, alifariki dunia, na himaya aliyoitawala kwa miongo mingi kutoka Vuga ikaanza kupasuka. Mwanawe Semboja alikuwa amejikita Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyokuwa ikipanda na kushuka kati ya bara na Pangani. Vuga kulikuwa na enzi, matambiko na heshima ya kuleta mvua. Mazinde kulikuwa na bunduki na baruti. Haikupita miaka kumi Semboja akawa amemng'oa Vuga mrithi halali, Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, na kumkalisha pale mwanawe mwenyewe. Wabondei nao wakawaasi Wakilindi, ukoo wa watawala hao, katika vita vilivyoitwa Kiva. Watu wa milima hii wakatekwa na kuuzwa, na malipo yao yakarudi mlimani kama baruti ya kuwatekea wengine.

Wakati hayo yakitokea, Mswidi mmoja mwenye umri wa chini ya miaka thelathini alikuwa ameinama juu ya vichupa katika karakana ya familia yake huko Urusi, akitafuta kitu chenye nguvu kuipita baruti hiyo mara nyingi. Jina lake Alfred Nobel. Hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Hata hivyo kazi ya mikono yake ilifika Tanga, ikakaribia Amani, na hadi leo inasikika kila mahali ambapo mwamba unapasuliwa nchini. Mhadhara huu unamfuata mtu huyo na kazi hiyo, kwa kuwa historia ya Usambara haikamiliki pasipo historia ya baruti.

Baruti aliyoinunua Semboja ni ya kale: shura, kiberiti na makaa. Nguvu yake inatokana na kuungua kwa haraka. Shura ndiyo inayotoa oksijeni, makaa na kiberiti ndivyo vinavyoungua, na kwa kuwa punje zake ni za vitu mbalimbali vilivyosagwa pamoja, moto lazima upite kutoka punje hadi punje. Matokeo yake ni kishindo, mwanga na moshi mzito mweupe. Moshi huo tutakutana nao tena mwaka 1914.

Mwaka 1847, mjini Turin, Mtaliano Ascanio Sobrero alitengeneza nitroglisirini, majimaji mazito kama mafuta, yaliyotokana na glisirini, kitu kilekile kinachobaki watu wanapotengeneza sabuni. Hapa hapana punje za kusagana. Oksijeni na kitu cha kuungua vimo ndani ya molekuli moja, bega kwa bega. Ikishtuliwa haiungui, inavunjika yote kwa mpigo, na mvunjiko huo hupita ndani yake kwa kasi inayozidi mita 7,000 kwa sekunde. Sobrero aliumia usoni katika majaribio yake, na kwa miaka mingi aliwaonya wenzake wakae mbali na dutu hiyo. Aliamini kwamba haiwezi kufugwa.

Nobel aliamini kinyume chake, na malezi yake yanaeleza kwa nini. Alizaliwa Stockholm tarehe 21 Oktoba 1833, mwaka ambao baba yake, Immanuel, alifilisika. Immanuel alikwenda Urusi kujaribu bahati, familia ikamfuata Saint Petersburg mwaka 1842, na pale akatajirika kwa kuitengenezea serikali ya Tsar mitambo ya vita, ikiwemo mabomu ya majini yaliyotegwa dhidi ya meli za Waingereza wakati wa Vita vya Crimea. Vita vilipokwisha, maagizo yalikatika na mzee akafilisika tena. Kwa hiyo Alfred alikua akijua mambo mawili: kwamba milipuko inaweza kulisha nyumba, na kwamba mteja anayenunua kwa ajili ya vita tu humwacha muuzaji pabaya siku amani inaporudi.

Hakuwahi kuhitimu chuo kikuu chochote. Alifundishwa nyumbani na walimu wa kukodiwa, mmoja wao akiwa mkemia mkubwa wa Kirusi Nikolai Zinin, kisha akapelekwa Paris katika maabara ya Théophile-Jules Pelouze, ambako Sobrero naye alikuwa amewahi kusoma. Alisema Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Aliandika mashairi kwa Kiingereza. Alikuwa mgonjwamgonjwa, mpweke, na hakuoa. Ni muhimu kumwona hivyo, kwa sababu picha ya tajiri wa silaha mwenye kitambi na sigara haimfai hata kidogo.

Kazi yake ya kwanza kubwa haikuwa kutengeneza mlipuko mpya. Ilikuwa kuupata ufunguo wake. Nitroglisirini ilikuwa na tabia ya ajabu: ungeweza kuiwasha kwa moto ikaungua tu polepole, kisha siku nyingine chupa ikagongwa kidogo na kuua watu. Nobel alitambua kwamba kinachohitajika si moto bali mshtuko. Akabuni fataki, kifuko kidogo chenye mlipuko mdogo ambao kazi yake ni kuuamsha mlipuko mkubwa. Wazo hilo, aliloliwekea hataza kuanzia mwaka 1863, ndilo mwandishi huyu analolihesabu kuwa kubwa kuliko baruti yenyewe ya Nobel. Mpaka leo mchimbaji wa tanzanaiti Mirerani na mpasuaji wa kokoto popote nchini wanafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: kilipukaji kimelala kwenye tundu la mwamba, na fataki ndiyo inayokiamsha.

Gharama yake ilikuja upesi. Tarehe 3 Septemba 1864 karakana ya familia huko Heleneborg, Stockholm, ililipuka. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Emil, mdogo wake Alfred, kijana wa miaka ishirini. Baba yao alipata kiharusi muda mfupi baadaye na hakurudia afya yake. Wakuu wa mji walipiga marufuku kazi hiyo ndani ya mipaka ya Stockholm. Alfred akahamishia vyombo vyake kwenye jahazi lililotia nanga katika ziwa Mälaren, akaendelea. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameunda kampuni.

Mtu anaweza kuliita hilo ujasiri, mwingine akaliita ukatili. Kinachoonekana katika kazi zake za miaka iliyofuata ni kwamba alianza kuutafuta usalama. Mwaka 1866 shehena za nitroglisirini zililipuka bandarini Aspinwall, kule Panama, na mjini San Francisco, zikaua makumi ya watu ambao wengi wao hawakujua hata walikuwa karibu na nini. Nchi kadhaa zikaanza kuipiga marufuku. Nobel akatafuta kitu cha kuinyonya, kitakachoifanya itulie safarini lakini isipoteze nguvu. Alijaribu vitu vingi, na jibu likawa udongo mweupe mwepesi unaopatikana kaskazini ya Ujerumani, karibu na kiwanda chake cha Krümmel. Udongo huo ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini vyenye magamba ya silika. Jirani zetu Wakenya wanao pia, nao huuchimba Kariandusi, karibu na Gilgil. Magamba yale yana matundu yasiyohesabika, na nitroglisirini ikiingia humo hutulia kama maji ndani ya sifongo. Mwaka 1867 akaiwekea hataza na kuiita dainamaiti.

Dunia ikabadilika kwa kasi. Njia ya reli ya chini ya mlima Gotthard, Uswisi, yenye urefu wa kilomita 15, ilichimbwa kati ya 1872 na 1882 kwa dainamaiti, na mwaka 1875 Nobel aliongeza kilipukaji kingine cha kama ute, kilichovumilia maji na kufaa zaidi kwenye mwamba mgumu. Ulaya ikajifunza kupita ndani ya milima badala ya kuizunguka.

Hapa Usambara, jambo la kuangaliwa ni kwamba Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi hii, hawakufanya hivyo. Reli yao ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa fedha na serikali ikaichukua, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Tazama ramani: njia nzima inaambaa chini ya mlima, ikiuheshimu. Mbao za mwangati wa Shume zilipotakiwa kushushwa, hawakutoboa njia. Walitundika waya. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilijenga njia ya kamba za chuma kutoka msituni hadi stesheni ya Mkumbara, magogo yakawa yanashuka hewani juu ya magenge. Sababu si upungufu wa baruti. Mlipuko ni sehemu ndogo ya gharama ya kupenya mlima. Fedha, muda na vibarua ndivyo vilivyoamua, na vibarua wa Usambara walikuwa wakikwepa kazi za kulazimishwa kwa kila njia waliyoiweza. Nobel alirahisisha kupasua mwamba. Hakurahisisha kumpata mtu wa kushika nyundo.

Kuna upande wa nitroglisirini ambao wahudumu wa Hospitali ya Wilaya ya Lushoto wataufahamu kuliko wapasuaji mawe. Wafanyakazi wa viwanda vya Nobel waliumwa kichwa vibaya, hasa siku ya kwanza baada ya mapumziko, kwa kuwa mvuke wa dutu ile hutanua mishipa ya damu. Madaktari wakaona kwamba kinachoumiza kichwa kinaweza kuuokoa moyo. Mwaka 1879 daktari wa London, William Murrell, alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa maumivu ya moyo kwa dozi ndogo mno za nitroglisirini, na mpaka leo kidonge chake huwekwa chini ya ulimi. Nobel mwenyewe, moyo wake ulipochoka, aliandikiwa na madaktari dawa hiyohiyo, na katika barua ya mwaka 1896 alishangazwa na jinsi majaliwa yalivyomchezea. Ilichukua zaidi ya karne moja kueleza vizuri kwa nini inafanya kazi: mwilini hutoa gesi ya oksidi ya nitrojeni, ambayo huiamuru mishipa ilegee. Waliogundua umuhimu wa gesi hiyo, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998.

Sasa tufike penye uchungu. Watetezi wa Nobel husema kwamba dainamaiti ilikuwa chombo cha machimbo na reli, na wabaya ndio walioipeleka vitani. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Mwaka 1887, akiwa Ufaransa, Nobel alikamilisha balistaiti, na balistaiti haina kazi machimboni. Ni ya bunduki na mizinga. Aliiunganisha nitroglisirini na pamba iliyotiwa asidi, vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kingeivunja bunduki, akapata dutu inayoungua kwa utaratibu, inayoisukuma risasi kwa nguvu na kutoa moshi kidogo sana. Wafaransa, waliokuwa na baruti yao isiyo na moshi iliyobuniwa na Paul Vieille, hawakuitaka. Waitaliano wakainunua. Magazeti ya Paris yakamwita msaliti, maabara yake ya Sevran ikafungwa, na mwaka 1891 akahamia San Remo, Italia. Waingereza nao, kupitia Frederick Abel na James Dewar ambao Nobel aliwaamini na kuwaonyesha kazi yake, wakatengeneza kordaiti, iliyofanana mno na balistaiti. Nobel alikwenda mahakamani akashindwa mwaka 1895, kwa kuwa hataza yake ilitaja aina moja tu ya pamba na wao walitumia nyingine.

Miaka 19 baadaye kesi hiyo ya London ikaamuliwa upya kwa damu, mjini Tanga.

Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 jeshi la Uingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, lilishuka Tanga kukabiliana na kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck cha kama watu 1,000. Askari wengi wa Kiafrika upande wa Wajerumani walikuwa na bunduki za mfano wa mwaka 1871, zinazotumia baruti ya kale, ileile ya Semboja. Kila askari alipofyatua, wingu jeupe lilimpanda juu ya kichwa na kumwonyesha adui alipo. Adui alikuwa na kordaiti na hakuonekana. Walioshinda, hata hivyo, ni wale wa moshi. Uongozi, ujuzi wa ardhi na nidhamu ya askari vilishinda kemia. Lettow-Vorbeck alilijua vema pengo hilo, akaharakisha kuwapa watu wake bunduki zilizotekwa, pamoja na risasi zipatazo 600,000 ambazo Waingereza waliziacha ufukweni.

Kisa cha mwaka uliofuata hakisimuliwi vya kutosha. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilipenya mzingiro wa Waingereza ikakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari Hyacinth ikiipiga mizinga. Nahodha Carl Christiansen aliizamisha kwenye maji ya kina kifupi, adui akaamini imekwisha. Wapiga mbizi wakashuka, wakatoa bunduki na risasi kwa mamia ya maelfu, zote zimelowa maji ya chumvi. Ikaanza kazi ya subira: kuzifungua risasi, kuikausha baruti, kuzisafisha fataki, kuzifunga tena, kuzijaribu fungu kwa fungu, zile zisizoaminika zikawekwa kwa mazoezi tu. Mikono ya Waafrika ilifanya kazi ya kiwanda cha Ulaya chini ya miti, na kwa risasi hizo vita viliendelea miaka mitatu zaidi. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja ya reli yao wenyewe. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Makaburi yao mengi hayana jina.

Nobel hakuyaona hayo. Alifariki San Remo tarehe 10 Desemba 1896. Mwaka mmoja kabla, tarehe 27 Novemba 1895, katika klabu ya Waswidi na Wanorwe mjini Paris, alikuwa ametia saini wosia wake. Zaidi ya kronor milioni 31 ziliwekwa ili faida yake itolewe kila mwaka kwa walioisaidia zaidi dunia katika fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani. Ukiuliza amani iliingiaje humo, kinachoonekana wazi katika maisha yake ni urafiki wake na Bertha von Suttner, mwanamke wa Kiaustria aliyefanya kazi kwake kwa siku chache mwaka 1876, kisha akawa sauti kuu ya harakati za amani Ulaya. Waliandikiana hadi mwisho. Nobel alimwambia kwamba viwanda vyake huenda vikakomesha vita mapema kuliko mikutano yake, kwa kuwa majeshi yakiweza kuangamizana mara moja yataogopa kupigana. Kwa hoja hiyo alikosea vibaya mno, na Tanga ni ushahidi mmojawapo kati ya mingi. Lakini aliendelea kumchangia fedha, na mwisho akaitia amani ndani ya wosia.

Ndugu zake waliupinga. Mswidi kijana aliyekuwa msaidizi wake, Ragnar Sohlman, ndiye aliyeuokoa: alizunguka Paris kwa gari la farasi akikusanya hati za mali kutoka benki, bastola mkononi, na kuzituma nje ya Ufaransa kabla hazijazuiwa. Tuzo za kwanza zikatolewa 1901.

Mwaka 1905 tuzo hiyo ilipita karibu na milima yetu. Robert Koch, mchunguzi wa vijidudu, alikuwa katika koloni hili mwaka huo, na katika taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, iliyoanzishwa 1902, alichunguza vimelea vilivyomo ndani ya mbung'o. Desemba alikuwa Stockholm akipokea Tuzo ya Tiba kwa kazi yake ya kifua kikuu. Tuzo ya Amani ya mwaka huohuo ilikwenda kwa Bertha von Suttner. Miaka 99 baadaye ikaja kwa Wangari Maathai wa Kenya, kwa miti aliyopanda na wanawake wa vijijini, na mwaka 2018 kwa Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, anayewatibu wanawake waliojeruhiwa na vita vya mashariki ya Kongo.

Upande wa pili wa urithi huo bado unatudai. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha Mbagala, Dar es Salaam, lililipuka. Tarehe 16 Februari 2011 likafuata la Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao. Vilipukaji vinavyohifadhiwa vina umri, huchakaa kikemia, na havitakiwi kukaa jirani na makazi. Wakuu wa Stockholm waliligundua hilo mwaka 1864. Pwani ya Tanga, wavuvi wa mabomu wamevunja matumbawe kwa miaka mingi. Bomu moja hupasua vibofu vya samaki wote walio karibu, wakubwa na wachanga, wengi huzama bila kuokotwa, na mwamba uliojengwa na viumbe kwa karne nyingi hugeuka kifusi. Hifadhi ya bahari ya silikanti ilianzishwa Tanga mwaka 2009. Doria peke yake hazitamaliza tatizo hilo ikiwa wauzaji wa baruti hawabanwi tangu machimboni.

Tarehe 7 Oktoba 2021 Akademia ya Uswidi ilitangaza kwamba Tuzo ya Fasihi inakwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948. Riwaya zake mbili, Paradise ya 1994 na Afterlives ya 2020, zinarudi kwenye nchi hii enzi za Wajerumani, kwenye askari na wapagazi, kwenye vita vilivyopiganwa pia Tanga. Fedha za mtu aliyeiondolea baruti moshi zikawa zimemtunza mwandishi aliyewapa sura watu waliosimama ndani ya moshi huo. Tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi.